Gunia la Kuliwa

Mkoa wa Manyara ulikuwa na miaka miwili tangu uzaliwe, na fomu ya Mfuko wa Utafiti wa Wajasiriamali Wadogo ilichapishwa kabla ya hapo. Kwa hiyo Amna, mwenye duka la mbegu karibu na soko la Babati, alipofika kwenye kisanduku kilichoandikwa "Mkoa" alikuta mikoa yote ya nchi imepangwa vizuri, mmoja chini ya mwingine, isipokuwa ule aliokuwa amekaa ndani yake.

"Niandike nini?" alimuuliza Vitus, mpiga taipu mwenye kibanda jirani na duka lake.

"Andika Arusha."

"Niliandika Arusha. Arusha wakairudisha. Ona wino mwekundu: 'Huyu si wetu.'"

"Basi andika Manyara."

"Manyara ndiyo niliyoanza nayo. Makao makuu wakairudisha. Ona hapa: 'Mkoa huu haumo.'"

Vitus alicheka mpaka akavua miwani. "Mama Luqmani, wewe sasa ni mkimbizi. Tukuombee hema."

"Cheka tu. Nikifunga duka utampigia taipu nani? Kuku?"

Hilo la kufunga duka halikuwa utani. Kilichomlisha Amna tangu afiwe na mumewe hakikuwa mbegu, maana mbegu kila mtu anauza. Kilikuwa dawa yake ya kuhifadhi mahindi: majivu, majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, na kitu cha tatu ambacho hakuwahi kumwambia mtu, hata marehemu. Ukichanganya na mahindi yako, fukusi wanakwenda kwa jirani. Watu walikuja kuinunua kutoka Singe, Nangara, mpaka kule Hanang. Kisha akaja mkaguzi, akasoma kopo, akaligeuza juu chini kana kwamba anatafuta tundu, akasema dawa isiyopimwa kwenye maabara ya serikali hairuhusiwi kuuzwa. Alimpa hadi mwisho wa Januari. Gharama ya kupima ilikuwa kubwa kuliko duka lenyewe na makopo yake yote. Mfuko ndio ungelipia, ukimkubali. Usipomkubali, kufuli.

Basi alijaza kurasa kumi na saba. Walimtaka aandike jina la mtafiti mkuu, akaandika lake. Wakataka kiwango cha elimu cha mtafiti mkuu. Akaandika darasa la saba, akakaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Wakataka orodha ya machapisho yake. Aliwaza kidogo, akaandika: "Bango la dukani."

Mwishowe mkoa mpya ukaletewa afisa wa Mfuko, kijana wa makamo aitwaye Aniceti, mwenye ofisi inayonuka rangi mbichi na muhuri ambao haujapigwa hata mara kumi. Huyu alichora kisanduku kwa rula, akaandika "Manyara" ndani yake, akamwambia Amna kilichobaki ni jaribio. Magunia mawili ya mahindi ya shamba moja, yaliyovunwa siku moja. Moja litiwe dawa, la pili liachwe hivyo hivyo, miezi sita. Yeye mwenyewe angesaini karatasi mbili, moja kila gunia, zizamishwe chini kabisa kwenye mahindi, ili mtu asije akabadilisha gunia.

"Bila hilo la pili," Aniceti alisema, "hatuwezi kujua kama dawa imefanya kazi. Lazima liliwe."

Aliyekubali kutoa magunia na ghala alikuwa Mama Gidamanyega wa Sigino, bibi Mbarabaigi aliyezaliwa katika ng'ombe na kuzeekea katika mahindi. Ukame uliwamaliza ng'ombe wake, akashika jembe, na tangu siku hiyo alilitazama hindi kwa jicho lile lile alilokuwa akimtazamia ndama. Amna alimweleza jambo lote mwezi wa saba, na Aniceti alipokwisha kuzamisha karatasi zake, akafunga gunia la dawa kwa uzi mwekundu na lile la pili kwa uzi mweusi.

"Hili jeusi nisiliguse?" bibi aliuliza.

"Usiliguse, mama. Waache wadudu wale."

"Nimewafanyia nini wadudu mpaka niwalishe?"

"Ni kwa ajili ya serikali."

"Ahaa," alisema Mama Gidamanyega, kwa sauti ya mtu aliyeshawahi kuilisha serikali. Akaacha hapo.

Miezi sita ilipita. Kila Amna alipokwenda Sigino aliweka sikio kwenye gunia jeusi na kusikia wale wadudu wakitafuna humo ndani, kama mvua ndogo juu ya majani makavu, akarudi mjini anaimba. Huenda alikuwa mfanyabiashara pekee Babati nzima anayefurahia fukusi.

Siku ya Alhamisi, ikiwa imebaki siku moja tu kabla ya taarifa kufungwa, Aniceti alipanda pikipiki ya ofisi, Amna nyuma yake kakaa upande, mpaka Sigino. Mama Gidamanyega aliwapokea mlangoni, kajifunga ngozi yake ya heshima juu ya gauni, bangili za shaba zinang'aa. Uwanja ulikuwa umefagiwa mpaka ukaonyesha mistari ya ufagio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mgeni, karibu. Kunywa kwanza."

Aniceti alikunywa maziwa yaliyofukizwa moshi, kikombe kimoja, akaongezwa cha pili. Halafu wakaingia ghalani. Akafungua uzi mwekundu: mahindi meupe, magumu, hayana tundu. Akaandika. Akafungua uzi mweusi.

Mahindi meupe. Magumu. Hayana tundu.

Amna aliinama akashika. Akazamisha mkono mpaka kiwiko. Akatazama fundo la uzi: halikuwa fundo lake. Yeye alikuwa amefunga mara mbili na kupitisha ncha katikati. Hili lilikuwa fundo la kufungia ndama.

"Hili si gunia langu," alisema.

"Mama, uzi si mweusi?" Aniceti aliuliza.

"Uzi ni wangu, gunia si langu. Tafuta karatasi yako. Uliisaini, ukaizamisha mwenyewe. Limwage hapa chini uitafute."

Aniceti alitazama saa yake, akatazama suruali yake iliyopigwa pasi. "Gunia zima nimwage? Muda hauruhusu. Fomu inauliza swali moja tu: kuna tofauti, hakuna tofauti? Mimi naona hakuna. Na ukisema gunia limebadilishwa, nitalazimika kuandika kwamba sampuli imechezewa. Hiyo ni mbaya zaidi kwako. Chagua."

Amna alimtazama Mama Gidamanyega. Bibi alikuwa ameinamisha macho.

Aniceti akaandika "Hakuna tofauti", akashukuru kwa maziwa, akawasha pikipiki. Hakumngoja Amna, na Amna hakutaka kungojwa.

Vumbi lilipotua, Amna akaanza. Sauti yake ilifika mpaka barabarani. Watu waliokuwa wakipalilia walisimama wakaegemea majembe.

"Miezi sita! Miezi sita, mama! Nimejaza makaratasi mpaka vidole vimeota sugu. Nimeitwa mtafiti, nimeitwa si wetu, nimeitwa haumo! Nikakuomba kitu kimoja tu duniani: usifanye chochote. Mtu anashindwaje kutofanya chochote?"

Mama Gidamanyega alimngoja amalize pumzi. Kisha akasema polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Jana nilifungua lile jeusi. Ni vumbi. Ni wadudu, wanatembea. Nikasema, mgeni atakuja nyumbani kwangu, nimfungulie hiki? Aseme kule mjini, nimefika kwa yule mama, amenionyesha uchafu?"

"Ndicho alichokuja kuona!"

"Alikuja nyumbani," bibi alisema. "Mtu akija nyumbani ni mgeni. Nikauza mbuzi. Nikanunua mahindi mazuri kwa jirani, nikatia gunia jipya, nikafunga uzi wako."

Mtu ambaye ameuza mbuzi wake ili kukuharibia maisha kwa heshima, unamtukanaje? Hasira ilizunguka ndani yake ikitafuta mahali pa kutokea. Ikamkumbuka yule mwanamume mwenye suruali ya pasi, aliyekunywa vikombe viwili akashindwa kumwaga gunia moja.

"Lile lenyewe liko wapi?"

"Nyuma, kwa mbuzi. Sijalitupa. Chakula hakitupwi."

Walikwenda nyuma. Lilikuwapo, limenywea, unga mweupe unavuja kwenye nyuzi zake. Amna aliweka sikio. Walikuwa bado wanatafuna, hawana habari na mtu.

"Kesho nampelekea," alisema Amna.

"Wewe peke yako atakwambia umelitengeneza usiku," alijibu Mama Gidamanyega. "Kesho naja mimi, na punda."

Ijumaa asubuhi, mji umeshaamka, punda alisimama mbele ya ofisi mpya za mkoa, akala ua moja lililokuwa limepandwa kwa ajili ya ufunguzi rasmi. Askari wa mlangoni alitaka kuzuia. Mama Gidamanyega alimsalimia, akamuulizia mama yake, akamuulizia ng'ombe wa baba yake. Askari alipokuja kugundua kwamba hajauliza kitu, wanawake wawili na gunia walikuwa wameshapita koridoni.

Aniceti aliinuka nyuma ya meza. "Mama, hapa ni ofisini. Huwezi kuingiza..."

"Jana ulikuwa mgeni wangu," Mama Gidamanyega alisema. "Nilikupa kizuri. Leo mgeni ni mimi, wewe ndiye mwenyeji. Hapa si kwangu, kwa hiyo sina aibu."

Akavuta kamba, na gunia likajimwaga juu ya meza.

Hayakuwa mahindi tena. Yalikuwa maganda na unga, na ndani ya unga uhai wenyewe: fukusi mia, elfu, weusi, wadogo, wakitawanyika kwenye mafaili, wakipanda kwenye simu, wakiingia chini ya kioo cha meza kukagua picha ya familia. Aniceti aliruka nyuma mpaka kabati likalia. Mwishoni kabisa, kutoka kona ya gunia, ikadondoka karatasi iliyokunjwa mara nne, imetobolewa pembeni. Amna aliipukuta, akaikunjua, akamwekea chini ya pua.

"Soma."

"Mama Luqmani, tuelewane..."

"Soma! Jana ulikuwa na haraka, leo usiwe nayo. Saini ni ya nani?"

Ilikuwa yake. Na tarehe ya Julai, kwa mwandiko wake mzuri.

Mama Gidamanyega akatoa kibuyu kidogo, akamimina pembeni mahindi ya gunia la uzi mwekundu. Meupe, magumu. Fukusi mmoja aliyakaribia, akasimama, akageuka akarudi alikotoka.

"Kuna tofauti?" Amna aliuliza.

"Ipo, lakini taarifa nimeshaisaini. Utaratibu hauna nafasi ya kufuta. Labda mwakani ukiomba upya..."

"Mwakani!" Amna alipiga meza kwa kiganja, na wadudu wakaruka pamoja na muhuri. "Mwakani kuna kufuli dukani kwangu! Mkoa wangu haukuwa na nafasi kwenye fomu yenu, ukauchorea kwa rula. Rula unayo. Chora."

Koridoni watu walikuwa wameanza kujaa, makarani na waombaji wengine na mafaili yao kifuani. Mmoja akachungulia, akasema kwa sauti, "Mchoree huyo mama, bwana, na sisi tupate zamu." Wengine wakaguna kukubali.

Aniceti aliketi. Akapuliza wadudu juu ya taarifa, akavuta mstari juu ya "Hakuna", akachora kisanduku pembeni. Amna hakuketi. Alisimama begani mwake akisoma kwa sauti kila neno linapotoka kwenye kalamu, ili hata walioko koridoni wasikie: tofauti kubwa, gunia lisilo na dawa limeharibika lote, karatasi ya utambulisho imepatikana.

"Ongeza," alisema. "'Afisa hakuitafuta siku ya ukaguzi.'"

Kalamu ilisimama.

"Ongeza. Nimesimama hapa na sina pa kwenda."

Kalamu ikatembea. Fukusi mmoja alitembea nayo, mstari hadi mstari, kama karani wa kuhakiki.

"Muhuri."

Aliugonga. Taarifa ikaingizwa kwenye bahasha, bahasha kwenye mfuko wa barua wa mchana, na Amna akaufuata mfuko huo kwa macho mpaka ulipofungwa kamba. Hakusema asante. Alikuwa nayo, ila hakuona wa kumpa humo ndani.

Aliyebaki kwenye kiti ni Mama Gidamanyega. Alikuwa ameketi vizuri, ngozi yake ameikunja magotini, anamtazama Aniceti akipangusa simu.

"Kuna kingine, mama?" Aniceti aliuliza, amechoka.

"Jana ulikunywa vikombe viwili," bibi alisema. "Nangoja."