Maandishi Mgongoni mwa Kirezi

Kirezi alianza kukimbia kwa sababu pikipiki zilimkataa. Siku moja alianguka kutoka nyuma ya pikipiki kwenye mteremko wa Muhima, jijini Kigali, akatetemeka katikati ya barabara, na dereva aliyempakia akaapa mbele za watu kwamba hatambeba tena mgonjwa wa kifafa. Wenzake wa kijiweni wakaapa naye. Tangu hapo Kirezi akawa anakwenda kazini kwa miguu, anateremka bondeni na kupanda mpaka Gisozi, kwenye karakana za samani, alikokuwa akishona vitambaa vya makochi. Mwanzoni alitembea. Kisha akawa anakimbia kidogo asichelewe. Mwisho akagundua kwamba akifika na jasho, siku yake inakwenda vizuri.

Nyumbani kwao ugonjwa huo haukuwa na jina. Mama yake, Connie, mjane aliyekulia Karagwe na kurudi Rwanda akiwa na binti zake wawili wadogo, aliuita "ile hali". Wageni wakija, Kirezi alikaa chumba cha nyuma. Harusini hakwenda. Kanisani alikaa mwisho kabisa, karibu na mlango. Dawa zake Connie alizifuata mwenyewe, kliniki ya mbali ambako hakuna aliyewajua.

Zile Jumapili ambazo barabara za Kigali hufungiwa magari, Kirezi alikimbia na Phiona, jirani yao aliyeuza vitenge. Phiona ndiye aliyeleta habari ya mbio za nusu marathoni Dar es Salaam.

"Unakimbia na bahari iko ubavuni mwako," alisema. "Twende."

Kirezi alikuwa hajawahi kuiona bahari. Akaenda kwa daktari wake, safari hii peke yake. Daktari alimuuliza mara ya mwisho ameanguka lini, akafikiri, kisha akasema: "Meza dawa kwa saa yake. Lala usingizi wa kutosha. Usikimbie peke yako. Na watu watakaokuwa karibu nawe wajue."

Hilo la mwisho ndilo lililoleta vita. Kirezi alichukua mabaki ya kitambaa chekundu cha kochi, akakata herufi na kuzishona mgongoni mwa fulana nyeupe: NINA KIFAFA. NIKIANGUKA, NILAZE UBAVU. USINITIE KITU MDOMONI. Akaifua, akaianika uani, na mama yake akaikuta kwenye kamba.

"Hii nini?"

"Fulana ya kukimbilia, Mama."

"Kusoma najua. Nakuuliza ni nini."

Kaliza, mdogo wake, akatoka jikoni. Kaliza alikuwa amechumbiwa na kijana aitwaye Cyusa, na wakwe walikuwa wanatarajiwa mwezi ule ule kwa gufata irembo, ziara ya kwanza ambayo upande wa mume huja rasmi kubisha hodi.

"Dada, vaa nyingine," alisema kwa upole. "Siku hizi watu wanapiga picha kila kitu. Akina Cyusa wakiiona?"

"Wataona dada yako anakimbia."

"Wataona kwetu kuna kifafa. Watajiuliza nitawazalia watoto gani."

Connie alikuwa ameanza kuikunja fulana, ndogo ndogo, kama kitu cha kuficha kwenye mkoba. "Sikukuficha kwa aibu, mwanangu. Nilikuficha wasikuumize."

"Najua, Mama. Lakini huko nilikofichwa ni mimi niliyekaa. Nina miaka zaidi ya thelathini, na wageni wa nyumba hii wanajua una mtoto mmoja."

Kirezi akaichukua fulana mikononi mwa mama yake, taratibu, akaikunjua.

"Nikianguka bila maandishi haya, mtu atanitia kijiko mdomoni anivunje meno. Sivai kwa kiburi." Akaitupia begani. "Na kiburi kidogo kipo."

Akaondoka na Phiona kwa basi kutoka kituo cha Nyabugogo. Walilala njiani, Singida, ili Kirezi asikose usingizi. Dar es Salaam ilimpokea kwa joto zito ambalo hakulijua. Ilikuwa kama kuvaa koti lililoloa maji ya moto. Bahari aliiona siku ya kuwasili, mchana, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba haina kilima ng'ambo. Akazoea kidogo, akaingiza miguu, akacheka peke yake.

Asubuhi ya mbio, mwanamume mmoja wa waandaaji, mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, alimgusa bega.

"Dada, hali yako hatuwezi kuibeba. Kaa pembeni, uwashangilie wenzako."

"Kati ya hawa wote," Kirezi alimuuliza, "unajua nani ana presha? Nani ana kisukari?"

"Hawajaandika mgongoni."

"Kwa hiyo unaniadhibu kwa sababu nimesema."

Mzee mmoja mwenye kitambi, aliyekuwa akinyoosha misuli kando yao, akainua mkono. "Mimi nina presha, bwana. Nitoe na mimi."

Watu wakacheka. Yule mwandaaji akatazama huku na huku akitafuta wa kumsaidia, na kabla hajampata, honi ikalia na kundi zima likasogea mbele, Kirezi akiwa ndani yake.

Miguu yake, iliyozoea kupanda Gisozi, ilishangaa tambarare. Alikimbia kwa wepesi uliomtia wasiwasi. Upepo wenye chumvi ulimkausha midomo. Nyuma yake alisikia watu wakisoma mgongo wake kwa sauti, wengine wakipunguza mwendo, wengine wakimpita upesi. Mwanamke mmoja alikimbia naye bega kwa bega kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu wa kiume anao ugonjwa huu," akaongeza kasi, akaenda zake.

Walikuwa wamebakiza sehemu ndogo tu ya njia wakati Phiona alipoona kichwa cha Kirezi kimegeuka upande, kama aliyeitwa. Kirezi akaanguka kwenye lami. Yaliyofuata Kirezi aliyajua kwa kusimuliwa. Phiona alikuwa hajapiga magoti vizuri wakati wakimbiaji wawili wasiomjua walipofika, wakasoma, wakamgeuza ubavu. Mmoja alimwekea kofia yake chini ya kichwa. Mwingine alisimama akiwazuia watu kwa mikono. Hakuna aliyetafuta kijiko. Ila kulikuwa na simu kadhaa juu, zikirekodi.

Alipozinduka aliona nyuso. Katika maisha yake yote, kila alipozinduka aliona migongo ya watu wakiondoka. Alizitazama nyuso zile kwa muda mrefu.

Muuguzi wa huduma ya kwanza alimkalisha kivulini, akamchunguza, akampa maji, akamsubiri mpaka maneno yake yakanyooka. "Mbio zako zimeishia hapa, dada. Kukimbia hapana."

"Sawa. Kukimbia nimeacha," Kirezi alisema. "Kutembea je?"

Muuguzi akamtazama, akamtazama Phiona, akashusha pumzi. "Utapumzika kwanza. Halafu nitatembea nawe. Nikisema basi, ni basi."

Walifika watatu, Phiona akimshika mkono mmoja, muuguzi wa pili. Lango la kumalizia lilikuwa limeshushwa na vijana walikuwa wakikunja mazulia. Kirezi aliwauliza mstari ulikuwa wapi. Walipomwonyesha, akaachia mikono yote miwili, akauvuka mwenyewe.

Video ilifika Kigali kabla yake. Kaliza hakumsalimu aliporudi. Mjomba Ntare, kaka wa mama yao, ambaye ndiye angesema mbele ya wakwe kwa niaba ya familia, alipiga simu kutoka Masaka, pembezoni mwa jiji.

"Siku ya wageni uje kwangu huku, ukaangalie ng'ombe."

"Ng'ombe wana mchungaji, Mjomba. Mimi nitakuwa nyumbani."

Wakwe walikuja, wazee watatu na shangazi wa Cyusa, na Cyusa mwenyewe nyuma yao. Baada ya salamu na vinywaji, shangazi akaweka glasi chini.

"Tumeona binti mmoja kwenye simu, ameanguka. Watu wanasema ni wa nyumba hii."

Ntare alikuwa amejiandaa. "Yule ni jamaa wa mbali, anatusaidia kazi za—"

Kirezi, aliyekuwa akileta maji ya kunywa, akasimama katikati ya sebule. Alibaki pale na jagi lake, wote wakimwona. Connie, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema mbele ya wasemaji, akainuka.

"Ni wangu," alisema. "Mzaliwa wangu wa kwanza. Ana kifafa tangu utotoni. Nimemficha miaka yote hii, na yeye amekwenda kuyasema mbele ya bahari nzima, hakufa. Anayetaka kuuliza, aniulize mimi."

Shangazi alikuwa wa kwanza kuinuka. Wazee waliaga kwa heshima, bila kugusa chakula. Cyusa alisita mlangoni, akaitwa, akawafuata. Kaliza alilia bila kuficha uso. Ntare naye akaondoka, akinung'unika kwamba wanawake wa nyumba hii wamempokonya kazi.

Connie akafunua sufuria. "Chakula hakitupwi," alisema, akampakulia Kirezi kwanza.

Cyusa alirudi Jumapili, peke yake, miguu imejaa vumbi. Alizungumza na Kaliza uani mpaka jua likawa kali. Harusi ilifanyika miezi kadhaa baadaye, na viti vingi vya upande wa Cyusa vilibaki vitupu; shangazi hakuja. Kaliza alichukua muda mrefu kumsamehe dada yake, na hata sasa kuna siku hajamsamehe. Lakini siku ya harusi, msichana wa itifaki alipomwonyesha Kirezi kiti cha nyuma karibu na mlango, bibi harusi mwenyewe ndiye aliyesimamisha shughuli, akatuma mtu amlete mbele.

Kirezi alikwenda mbele. Hakuharakisha.