Mshono wa Maji

Mjukuu wangu tulimpa jina la utani Mfamasia tangu akiwa na miaka sita, kwa jinsi alivyokuwa akiwapimia wanasesere wake dawa kwa kifuniko cha chupa. Asubuhi ile tukielekea shuleni akaniambia, "Bibi, usiniite hivyo tena."

Kemia alikuwa amepata kumi na moja kwa mia. Fomu ya kuacha somo ilitaka saini yangu kabla ya saa sita mchana, na bila kemia, duka la dawa angeliingia kama mteja tu.

Mwalimu wake tulimkuta maabarani akipanga chupa. Alinipa kiti chake chenye mgongo, yeye akakalia stuli ya wanafunzi. Kalamu nilikuwa nimeshaitoa.

"Subiri kidogo, mama," akasema. "Huyu nimemsahihisha mara nyingi, lakini sijawahi kumuuliza anavyofikiri."

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilidhani walimaanisha wanafunzi peke yao.

Mwalimu akamwomba aandike jinsi haidrojeni na oksijeni zinavyokuwa maji. Mtoto akaandika. Kwenye maji oksijeni ilipungua moja, basi akachomeka mbili ndogo chini ya herufi ya oksijeni.

"Sasa zimelingana," akasema, sauti ikififia.

"Hesabu umeipata. Hebu tuione kwa vitu."

Mimi ni fundi cherehani. Mkoba wangu haukosi sindano, uzi na vifungo. Nikavimwaga mezani.

"Bibi jamani!"

"Mwache," mwalimu akasema. "Ametuletea vifaa vingi kuliko stoo ya shule."

Akaniomba nishone pamoja vifungo viwili vyeupe na kimoja chekundu. "Haya ndiyo maji. Ile namba ndogo ya chini ni mshono wa bibi yako. Wewe umeongeza chekundu kingine." Nikakishona. Akatoa chupa kabatini. "Yamekuwa hii, dawa ya kuoshea vidonda. Bibi ana kiu, nawe unampa hii anywe?"

Mjukuu wangu akacheka, kisha akavigeuza vifungo.

"Kumbe mshono hauguswi?"

"Hauguswi."

"Basi bibi, fumua hicho chekundu. Shona maji mengine kama yale ya kwanza." Akaandika mbili kubwa mbele ya maji, kisha, bila kuambiwa, mbili nyingine mbele ya haidrojeni.

Mwalimu akafungua daftari lake. "Miaka kumi na tisa nawaambia sawazisheni, wala sijawahi kueleza kwamba namba hizi mbili, ndogo ya chini na kubwa ya mbele, zina kazi tofauti. Hili ni kosa langu, mama." Akaliandika, mbele ya mwanafunzi wake. Watu wazima wachache nimewaona wakifanya hivyo.

Kisha akaniuliza kwa haya kama vifungo vingetosha darasa zima.

Fomu niliikunja, nikafungia humo sindano zangu. Mlangoni nikaita, "Twende, Mfamasia."

Hakunikataza. Alikuwa anatenga vifungo, vyeupe huku, vyekundu kule.