Ujumbe wa Mataifa Matano

"Inatangazwa kwa heshima na taadhima," Mwalimu Gaspar, mkuu wa shule, alinguruma paredini, "kwamba ujumbe wa mataifa matano utafika Ijumaa kulinganisha maendeleo endelevu ya nchi zao na yetu, hususan lengo la sita: maji safi na vyoo!"

Makofi yakapigwa. Sekela wa kidato cha nne alipiga kuliko wote, maana ujumbe wenyewe haukuwepo. Aliubuni juzi kwa simu ya matroni, akimpigia Mwalimu Gaspar, sauti kaikoroga nzito kama mkurugenzi wa halmashauri.

Haukuwa utani mtupu. Mabomba ya bweni la wasichana yalikauka tangu shule ifunguliwe, na shule yao pale Mbweni ilikuwa na desturi moja: boza la maji huitwa wageni wakija. Wasichana wakinuka, shauri yao. Hamisa, rafiki yake wa kitanda cha chini, kila akiwa kwenye siku zake alikosa vipindi vya asubuhi, yuko foleni kisimani na ndoo. Na mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni! Huko darasani wanachorewa chati: Tanzania hapa, Kenya pale, Rwanda kule.

"Tunashindana na Rwanda ukutani," Sekela alimfokea Hamisa, kana kwamba kosa ni lake, "wakati sie choo chetu chenyewe kinatushinda!"

Ijumaa boza likaja. Hamisa akaoga, akafua, akawahi kipindi cha kwanza, uso unang'aa.

Wageni ndio hawakutokea. Mchana Sekela akaitwa ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Hiyo hiyo!" Mwalimu Gaspar alilegeza tai. "Mkurugenzi alianza na 'Shikamoo, Mwalimu', tena nikasikia kiti kikikwaruza, anasimama! Nikasema, kumbe hata wakubwa wana adabu. Leo nimechomwa jua getini na suti, ndiyo akili imenirudia. Nani anayesimama kunisalimia mie kwenye simu, kama si mwanafunzi? Na matroni kasema simu yake uliiazima wewe."

Sekela alitafuta uongo. Alikuwa nao mwingi, lakini hasira ikauwahi wote.

"Ni mimi, Mwalimu. Mkurugenzi ni mimi, mataifa yote matano ni mimi. Nipe adhabu, sikatai. Ila boza limekuja, kumbe njia linaijua. Sasa kwa nini lisubiri wageni, wakati Hamisa yupo hapa kila siku?"