Mkono wa Bibi yake Naima

Siku Bi Kadija alipofariki, Umi alikuwa ndani Lindi, mzazi ambaye hajatoka arobaini, haruhusiwi hata kufika barazani. Bi Kadija, mama yake, ndiye aliyekuwa akimkanda maji ya moto tangu mtoto azaliwe. Juzi yake tu alikuwa amepanda basi kurudi Kiswere. "Namtazama baba yenu mara moja," alisema, "nguo zake zitakuwa zimeshaota uyoga. Narudi." Hakurudi. Presha ilimwangusha uani alfajiri, na baada ya adhuhuri akazikwa. Umi alimzika kwa simu, mtoto mapajani, akisikiliza watu wa mbali wakiitikia dua.

Katika majonzi yale alijishikiza kwenye jambo moja: picha. Kabla ya kuondoka, Bi Kadija alikaa kitandani akampakata mjukuu wake Naima, mtoto kajazwa wanja hadi kwenye paji la uso, akakubali kupigwa picha. Ila alitoa sharti.

"Usimsambaze mtoto kwenye simu za watu. Hajatoka arobaini. Macho hayana pazia."

Umi akatii. Hakumtumia mtu yeyote. Aliiweka picha kwenye folda ya familia, kisha akaifuta kwenye simu yake, maana simu ilikuwa imejaa na ndivyo walivyozoea wote.

Folda hiyo aliianzisha yeye. Picha zao zilikuwa zimetawanyika: nyingine kwenye kompyuta ya baba yao, Mzee Mshamu, anayepiga watu picha za vitambulisho katika kiduka chake Kiswere, nyingine kwa kaka yake Haruna, mwalimu wa shule huko Nyangamara, nyingine kwake Lindi. Umi aliziunganisha mashine zote tatu kwa intaneti, akapanga kila mtu na jina lake, kila mwaka mahali pake. Akitia mmoja, wanaona wote. Bi Kadija aliliita "kabati letu."

Tangu msiba Umi hakuligusa kabati lile. Moyo haukumpa. Hata kisomo cha arobaini ya mama yake kilipopita huko Kiswere, naye amekwisha kurudi Lindi, alifungua kompyuta mchana mmoja Naima amelala. Akabonyeza jina la mama, alikoiweka picha ile. Hapakuwa na kitu.

Akampigia Haruna.

"Kaka, picha za mama ziko wapi?"

"Zipo. Nimezihifadhi."

"Wapi?"

"Kwenye lile kapu la taka, la humo humo kwenye folda. Nilizitia baada ya kisomo cha siku ya tatu. Si unajua kwetu, picha za marehemu zinashushwa ukutani, zinalazwa kifudifudi sandukuni mpaka arobaini ipite. Za ukutani nimezishusha kwa mikono yangu. Nikasema, na hizi je? Mzee afungue kompyuta akutane na mama anamchekea? Wiki hii nilikuwa nizirudishe."

Umi alilifungua kapu lile.

"Kaka, lile kapu si sanduku. Kitu kikimaliza mwezi humo, linakitupa lenyewe."

"Linakitupa? Nani kaliambia?"

"Fungua uangalie."

Alimsikia akibonyeza, akibonyeza tena.

"La haula," Haruna alisema kwa sauti ndogo. "Umi, mimi nilikuwa namsitiri mama."

"Najua."

Ndipo Umi alipoikumbuka kompyuta ya Kiswere. Kama baba yao hakuiwasha tangu msiba, basi haijui yaliyotendeka, na picha bado zimo. Lakini ikiwashwa tu ikapata intaneti, itawafuata wenzake, ifute kama wao. Akampigia baba yao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

"Hajambo. Baba, ile kompyuta umeiwasha tangu msiba?"

"Niiwashe nimpige picha nani? Lakini ndiyo nafungua duka sasa hivi, kuna mtu anataka picha ya kitambulisho."

"Usiiwashe, baba. Chomoa modemu kwanza."

"Modemu ndiyo ipi? Hiki kidude kinachowaka buluu?"

"Hicho hicho."

Ikasikika sauti ya mtu anayeinuka kwa shida.

"Haya, kipo mfukoni. Mbona mnanitisha? Mmenitegea bomu dukani?"

Kesho yake Umi alifika Kiswere na mtoto mgongoni. Haruna alikuwa ameshatangulia, amekaa kwenye benchi la wateja, hamtazami mtu usoni. Wakaiwasha. Bi Kadija alikuwemo: yumo kwenye mikorosho na kapu kichwani, yumo siku ya Idi, yumo anamtisha mpiga picha kwa mwiko. Mzee Mshamu alisimama nyuma yao, mkono juu ya kiti.

"Huyu hapa," alisema.

Haruna alianza kuzinakili kwenye flashi. Umi alitafuta ile moja. Aliikuta ya mwisho kabisa, ndogo kama stempu. Alipoibonyeza ikue, kompyuta ilijibu kuwa inahitaji intaneti. Bando la mzee lilikwisha siku ile ile Umi alipoiweka, na jipya alilinunua alipotaka kufungua duka tena. Picha yenyewe haikuwahi kuteremka, kimefika kivuli chake tu.

"Si tuirudishie modemu mara moja," Haruna alisema, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. "Hapana. Itafutika hata hii."

"Kwani huyo anaonekana?" mzee aliuliza.

Umi alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mkono wake unaonekana, baba, umemshika mtoto. Sura haionekani."

"Mkono wake naujua."

Umi alikipiga picha kioo kile kwa simu yake mara kadhaa. Alipokuza, alipata madoa ya rangi matupu. Naima akaanza kulia, naye akamfungua mgongoni akamnyonyesha pale pale, mbele ya mashine.

Picha za ukutani zimekwisha kutundikwa tena. Sandukuni zilimokuwa zimelazwa, Mzee Mshamu ameweka modemu. Kompyuta ya Kiswere haiunganishwi na intaneti, na anayetaka kumwona Naima na bibi yake huenda mpaka pale dukani.