Fidla ya Pili

Bi Lavinia Stobbs alipewa hadi Ijumaa. Chama cha waigizaji wa Islington kilitaka kuucheza tena mchezo mfupi wa nyimbo ambao marehemu kaka yake, Ambrose, aliutungia muziki, mradi alete muziki huo. Maneno yalikuwepo, kwa sababu serikali haikuruhusu mchezo wowote London kabla ya kupelekewa nakala yake. Muziki haikuudai.

Ambrose aliwaogopa wezi wa Amerika, waliokuwa wakiiba kila wimbo uliochapwa, kwa hiyo hakuchapisha kitu. Aliandika kwa mkono, na kila mchezo ulipokwisha alizikusanya karatasi za wapigaji, akazifungia kabatini mle mle ukumbini. Mwaka 1884 ukumbi uliungua, kabati na vilivyomo.

Alhamisi Lavinia alikwenda kwa Hubert Croome, mpigaji pekee wa bendi ile aliyekuwa bado hai.

"Nakumbuka yote, Bi Lavinia," mzee alisema, akiweka fidla begani. "Noti kwa noti."

Akapiga. Pa-pa. Pa-pa. Pa-pa.

"Na wimbo wenyewe?"

"Wimbo walikuwa nao fidla ya kwanza. Mimi wa pili, kazi yetu kujazia. Wewe si ulikuwa jukwaani? Imba basi!"

Lavinia akaimba alichokijua: sauti ya chini ya kiitikio, noti tatu tu.

"Mh! Ng'ombe anamwita ndama."

"Na wewe unagonga mlango wa nani?"

Wakacheka, wakajaribu tena pamoja, mara nne, mara tano. Wimbo haukuja.

"Labda yuko mtazamaji anayeukumbuka," Lavinia alisema.

"Mtazamaji gani, bibi? Sisi tulikuwa wa kufungulia. Watu ndio kwanza wanaingia, wanakanyagana kutafuta viti, wanangoja mchezo mkubwa. Siku mia na tisini tumepiga, na sijui kama yupo aliyetusikiliza."

Ijumaa, Bwana Tewson, katibu wa chama, aliposikia kwamba muziki haukupatikana, alimsogezea kiti.

"Tunaye karani mmoja wa benki, anatunga vizuri. Atayatilia maneno nyimbo mpya. Tunaomba saini yako tu, kwamba huna pingamizi."

"Na jina la kaka yangu litakaa wapi?"

Tewson alikuna kidevu. "Yeye hakuandika maneno, Bi Stobbs."

Lavinia aliisoma karatasi yote, polepole, kisha akatia saini. Tewson akakausha wino, akamshukuru, akamfungulia mlango.