Mratibu Aliyeombwa Akae

Mtaani walimwita Kiguu na Njia, na hawakumsingizia. Miaka yote aliyoratibu tamasha la sanaa la mtaa, hajapata kukaa akasikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Mshairi akipanda jukwaani, yeye yuko nje anatafuta waya. Kwaya ikianza, yeye anabishana na mwenye viti vya kukodi. Ukimuuliza baadaye tamasha lilikuwaje, atakwambia choo cha wanawake kiliziba. Mfinyanzi hulia gaeni, jamani.

Mwaka huu alimganda mama mkwe wake asome mashairi. Mama huyo aliletwa mji huu na ndoa, na lugha ya kwao hakuna anayeijua hapa. Hata mwanawe wa kumzaa anajua ya kuombea maji tu. Mashairi huandika kwa lugha hiyo hiyo, kisha huyaficha kabatini chini ya mashuka. Na kwa kuwa tamasha lilikuwa la ngoma na lugha za kila aina, kila mtu na ya kwao, mke wa mwanawe hakumpa nafasi ya kupumua.

"Haya, nitasoma," mama akakubali mwishowe, akichambua mchele. "Ila wewe ukae mbele. Nikiinua macho nikuone. Nisipokuona nashuka, na usije ukaniomba tena."

"Nitakaa, Mama."

"Mdomo huo!" mama akacheka.

Ukumbi ulikuwa mmoja, umegawanywa kwa ukuta wa mbao: washairi huku, wapiga ngoma kule. Ratiba aliipanga mratibu mwenyewe ili wasigongane. Alichosahau ni kwamba ngoma haisomi ratiba. Ngozi huoteshwa moto mpaka ikaze, na ikishakaza hupigwa hapo hapo. Ukiisubirisha inalegea, kazi inaanza upya. Na yule bwana aliyemtangulia mama, loo! Akishika kipaza sauti haachii mpaka aombwe. Alisoma mpaka watu wakaanza kukagua kucha zao, na saa ya ngoma ikawadia.

Basi mama akapanda, na gauni lake la kijani, karatasi mkononi. Alipofungua kinywa tu, kule ng'ambo ya ukuta ngoma zikaanza.

Vioo vya madirisha vikatetema. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama mratibu, maana kazi ya nani?

"Nenda kawanyamazishe!" mumewe akamnong'oneza.

"Nenda wewe."

"Mimi watanisikiliza? Wanakujua wewe!"

Miguu ikamwasha. Mlango ule pale, aseme neno moja, arudi. Akanyanyuka nusu. Mama akainua macho.

Akakaa. Akakishika kiti kwa mikono miwili, kisije kikamwacha.

Mama akasoma. Midomo ilicheza, mkono ulipanda na kushuka, mishipa ya shingo ikamsimama, lakini sauti haikufika hata kwa waliokaa mstari wa mbele. Watu wakainamia simu zao. Kiguu na Njia hakugeuza shingo. Alimtazama mama mkwe wake mpaka karatasi ya mwisho, machozi ya aibu yakimtiririka, na ndani ya moyo akijilaani yeye na ratiba yake.

Nyuma ya jukwaa alimpigia magoti. "Nisamehe, Mama. Nimekuharibia. Sikusikia hata neno moja."

"Ungesikia ungeelewa?"

Akatikisa kichwa.

"Baba yenu naye hakuwa anaelewa," mama akasema, akikunja karatasi zake taratibu. "Nilimsomea yote. Alikuwa anakaa vile vile kama wewe, ananitazama mpaka namaliza. Tangu tumzike sijamsomea mtu, mwanangu. Nimesoma leo."

Huko ukumbini walikuwa wanaita, mratibu, mratibu, umeme umekatika! Akawaacha waite.