Kisogo cha Dereva wa Treni

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga aliyekuja na shati lililopigwa pasi.

Kwenye ukaguzi wa macho wa madereva nilikuwa nimekosa namba kadhaa katika kile kitabu cha madoadoa ya rangi. Nikalaumu taa ya chumbani. Daktari hakubishana nami. Akanituma hospitali pale Gävle nikapimwe ubongo. Nikishindwa huko, treni yangu ya kwenda Ånge anapewa mwingine, mimi nabaki kukagua tiketi.

Ylva, fundi wa vipimo, alinitenganisha nywele za kisogoni, akapaka jeli baridi, akabandika vijisahani vya chuma vyenye nyaya.

“Mbona unabandika nyuma?” nikamuuliza. “Macho yangu yako mbele.”

“Macho yanapokea tu, Sixten. Anayeona yuko huku nyuma. Hicho kioo cha mbele yako kikibadili rangi na kisogo kikaiona, umeme wake unaruka, nami napata wimbi. Wewe tazama hicho kidoa cha katikati, unyamaze.”

Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Sisi kwenye treni tumefundishwa kuitaja kila taa kwa sauti tunapoiona. Mistari myeusi na myeupe ilipoanza kubadilishana nafasi, nikaanza kutangaza: “Nyeusi. Nyeupe. Nyeusi.”

“Taya lako linanichafulia mawimbi,” akasema Ylva. “Hapa hatupimi taya.”

Nikafumba mdomo. Wimbi likapanda zuri, akanigeuzia kompyuta yake kidogo nikaliona. Nikatabasamu, akaniambia na tabasamu pia niliache.

Ikaja zamu ya nyekundu na kijani, rangi mbili alizozilinganisha mwanga kwanza ili nisije nikazitofautisha kwa ung'avu. Mdomo nimekatazwa, basi nikatumia vidole juu ya goti: dole gumba nyekundu, cha shahada kijani. Mistari ilikuwa imefifia kweli, lakini mwendo wake nilikuwa nimeshaushika, nikawa naenda nao kama mpiga ngoma harusini.

Alipomaliza alinigeuzia tena kompyuta. Wimbi la rangi lilikuwa limelala kama reli.

“Kwenye rangi kisogo chako hakijaitika,” akasema. “Namwandikia daktari usiendeshe mpaka neva za macho zichunguzwe.”

“Mashine yako ndiyo imelala, Ylva. Mimi naendesha treni tangu wewe hujaanza shule.”

“Mashine hiyo hiyo imekupa wimbi la nyeusi na nyeupe, ukachekelea.”

“Basi nyaya zimelegea baadaye. Vidole vyangu hukuviona? Sijakosa hata rangi moja.”

“Nimeviona,” akasema, huku akinifuta jeli kichwani. “Raundi ya mwisho nilikuwekea kijivu kitupu, na bado ulikuwa unanionyesha nyekundu na kijani.”